Kengele haizimiki, inalia: barua kuhusu "go off"

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa kujifunza Kiingereza nausoma kila unapotoka, na mjukuu wangu aliye kidato cha tatu huukata kwa mkasi akaubandika kwenye daftari lake. Kwa hiyo kinachoandikwa humo hakiishi siku moja na kwenda kufungia vitumbua kama kurasa nyingine. Kinakaa, kinakaririwa, na siku ya mtihani kinatoka vilevile kilivyoingia. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Toleo la wiki iliyopita limewaambia wanafunzi kwamba "go off" maana yake ni kuzimika, likatoa mfano mmoja wa taa, kisha likahamia kwenye neno jingine.

Taa, sawa. "The lights went off", taa zilizimika, hapo sina ugomvi na mtu. Lakini mwanafunzi akiibeba maana hiyo moja akaenda nayo kwenye kengele, ataambulia kinyume kamili cha kilichosemwa. Kengele ikisemwa "it went off" haikuzimika, ililia. Bomu lililipuka. Bunduki ilifyatuka. Maziwa ndiyo kabisa, maana maziwa hayana swichi.

Na si wanafunzi peke yao. Siku chache kabla ya somo hilo, ukurasa wenu wa habari za nje ulikuwa na habari ya moto katika hoteli moja ughaibuni, ikasema king'ora kilizimika na wageni wakakimbilia nje. Niliirudia sentensi hiyo nikidhani miwani yangu imeingia ukungu. Wageni gani hao wanaolala fofofo king'ora kinapolia, kikinyamaza ndipo wanashtuka na kukimbia? Mfasiri alikutana na "go off", akaitafsiri kama ukurasa wa jirani yake unavyofundisha, na msomaji akaachiwa kazi ya kuwashangaa wageni.

Mimi si mwalimu wa lugha. Nilikuwa karani wa mapokezi, baadaye msimamizi wa zamu, katika kituo cha kukusanya na kupoza maziwa huku kwetu wilayani Muheza. Kiingereza changu ni cha shule ya zamani, kikanolewa na daftari la zamu, maana wataalamu waliotufungia mitambo walikuwa wageni na waliandika kwa lugha yao. Niliyaona maneno haya mawili yakitaka kumfukuzisha kazi mtu asiye na kosa, tena mbele ya kadamnasi. Naomba nieleze, kwa sababu sijaona mfano mwingine unaobeba maana nyingi hivyo kwa mkupuo.

Kituo chetu kilikuwa na tangi la kupozea. Asiyeijua kazi hii aelewe kwamba maziwa yakitoka kwenye kiwele yana joto la ng'ombe, na kwa joto la huku kwetu, yakiachwa hivyo, saa chache zinatosha kuyaharibu. Yakishushwa hadi nyuzi 4 yanatulia mpaka gari la kiwandani lifike. Kila keni ilipopokelewa tulitumbukiza laktomita, kipimo chenye namba kinachoelea ndani ya maziwa, kuona kama mtu ametia maji. Maziwa ya ng'ombe yasiyochezewa hucheza kati ya 26 na 32. Kisha tulichukua maziwa kidogo, tukachanganya na alkoholi kipimo sawa kwa sawa, tukatikisa. Yakibaki laini yanapita. Yakitoa chembechembe kwenye ukuta wa kikombe, yanarudi kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ni shemeji yako.

Jioni moja lori la kutoka milimani lilichelewa kwa sababu ya tope, likaingia saa tatu usiku. Tulipima, yakapita, tukayamimina tangini, zaidi ya lita elfu moja, bado yakiwa na joto lake. Tangi lililokwisha poa huhimili hata umeme ukikosekana, kwa kuwa limefunikwa vizuri. Lakini tangi lililojazwa maziwa ya moto halina cha kuhimili. Usiku huohuo umeme ukaondoka, usirudi mpaka kumekucha. Asubuhi nilipofanya kipimo cha alkoholi, kikombe kilijaa vipande kama jibini iliyochanwa. Sikuhitaji hata kunusa, ingawa nilinusa.

Mtaalamu wetu, Mskochi mmoja mrefu mwenye maneno machache, alikagua mitambo, akaandika daftarini mistari minne ambayo naikumbuka kama Alhamdu: "Power went off 10.20. Alarm did not go off. Generator man had gone off. Milk went off."

Mhariri, hebu itazame. Mistari minne, "go off" nne, na hakuna hata mbili zinazolingana. Umeme ulikatika saa nne na dakika 20 usiku. Kengele haikulia. Mtu wa jenereta alikuwa ameshaondoka, zamu yake imekwisha. Maziwa yameharibika. Kwa Mskochi ilikuwa taarifa iliyonyooka, hata sidhani kama aligundua kwamba amerudia neno.

Kamati ya wafugaji iliitisha mkutano, na haki yao, mali ilikuwa yao. Kijana wa ofisini aliambiwa atafsiri daftari. Alikuwa kijana mwema, mwenye bidii na kikamusi kidogo cha mfukoni, na kikamusi hicho nadhani kilikuwa ndugu wa baba mmoja na ukurasa wenu. Alisimama akasoma: "Umeme ulizimika saa 10.20 usiku. Kengele haikuzimika. Mtu wa jenereta alikuwa amezimika. Maziwa yalizimika."

Kwanza kulikuwa kimya. Kisha mama mmoja mfugaji kutoka Maramba akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kwani yalikuwa yamewashwa?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu mistari mingine ilikuwa inaeleweka, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Maneno yasiyoeleweka humfanya mtu aulize. Yanayoeleweka vibaya humfanya ahukumu. Kengele haikuzimika? Maana yake ililia usiku kucha. Basi mlinzi alikuwa wapi? Mlinzi wetu alikuwa mzee, sote tukimwita Babu, amesimama nyuma ya mlango na kofia yake mkononi. Vichwa vyote viligeuka kumtazama. Mtu akapaza sauti kwamba Babu alilala, kengele ikamlilia sikioni mpaka asubuhi na asiamke. Babu akasema hakusikia kengele yoyote. Hilo likawa ndilo kosa lenyewe: basi hata masikio hana, alindeje?

Wa pili akawa mtu wa jenereta. "Alikuwa amezimika." Huku mtaani mtu aliyezimika ni mtu aliyelewa akaanguka, au aliyezirai, na hakuna aliyefikiria kuzirai. Huyu alikuwa mtu wa swala tano, hajawahi kuonja hata togwa iliyokaa siku mbili. Nilimwona akifungua mdomo na kuufumba. Utajiteteaje kwa jambo ambalo limeandikwa na mzungu daftarini?

La tatu lilinigusa mimi. Mskochi aliandika 10.20 kwa saa za kwao, na kijana akaiacha ilivyo, akaongeza "usiku". Saa kumi na dakika 20 usiku, kwa Mswahili, jogoo wa pili ameshawika. Mzee mmoja anayejua ng'ombe kuliko wengi wetu akapiga hesabu kwa sauti. Kama umeme ulikatika alfajiri, na karani amefungua tangi saa kumi na mbili asubuhi, hayo maziwa yamechachaje kwa muda mfupi hivyo? Ina maana yaliingia mabovu. Ina maana mapokezi hayakupima. Akanigeukia, "Mwanangu, ulipima?"

Niliomba nipewe daftari. Nikasoma Kiingereza kwa sauti, kisha nikasema kwa Kiswahili mstari kwa mstari kama nilivyouandika hapo juu, na saa nikaigeuza kuwa saa nne usiku. Nilipofika kwenye "kengele haikulia", Babu alivaa kofia yake. Swali likahama kutoka kwa Babu na mtu wa jenereta likaenda mahali lilipopaswa kuwa tangu mwanzo: kwa nini haikulia? Jibu likapatikana ndani ya dakika tano. Kengele ile ilikuwa inasubiri joto la tangi lipande ndipo ipige kelele, lakini aliyeifunga aliiunganisha kwenye umeme uleule wa tangi, bila betri. Umeme ulipokatika, tangi na kengele ya kulilinda vikalala pamoja. Mskochi aliijua hitilafu hiyo; ndiyo sababu aliandika mstari ule. Betri ikanunuliwa wiki ileile.

Kwa kumalizia siku, Mskochi akaandika chini ya mistari yake: "Meeting went off well." Yule kijana akanifuata taratibu, safari hii kabla hajatafsiri, akaniuliza kama mkutano nao umezimika. Nikamwambia la, umekwenda salama.

Sasa nirudi kwa mwandishi wa somo lenu, ambaye sina nia ya kumwaibisha. Najua atasema nafasi ni ndogo. Lakini nafasi hiyohiyo ingetosha kama angeanza na swali moja: ni nini ambacho kime-"go off"? Maana haikai kwenye maneno yale mawili, inakaa kwenye kilichotajwa mbele yake. Ukiambiwa ni taa au umeme, jua kumekuwa giza. Ikiwa ni chakula, kimeharibika. Ikiwa ni kitu kilichotegwa au kubanwa, kimefyatuka. Mtu akiwa peke yake katika sentensi, amekwenda zake. Hili la mwisho lina mshabaha mzuri mno na Kiswahili, kwa sababu "akaenda zake" nayo, ukiitenganisha, haieleweki: zake nini? Mgeni akiuliza hivyo tunacheka, lakini ni swali la haki.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kengele na taa, kwa kuwa vyote viwili ni vitu vya umeme na vinakwenda pande mbili tofauti. Mimi nilikuja kuielewa kupitia mtego wa panya. Mtego uliotegwa umebanwa. Chuma kinataka kuruka lakini kimezuiwa na kijiti. Panya akigusa, kizuizi kinatoka, chuma kinaruka. Bunduki za kale za jiwe la kiberiti zilikuwa vilevile, nyundo imevutwa nyuma inasubiri kidole. Saa za mezani za kutia ufunguo pia, kengele yake imebanwa na springi mpaka dakika yake ifike. Hiyo "off" ni ule utokaji, kitu kutoka pale kilipozuiwa. Taa nayo imetoka kwenye kuwaka, maziwa yametoka kwenye uzuri wake, mtu ametoka alipokuwa. Ukilitazama hivyo, unaona ni jambo moja lililovaa nguo nyingi. Naambiwa pia kwamba "off" na "of" zamani lilikuwa neno moja, likitamkwa kwa nguvu au kwa ulegevu, mpaka kufikia karne ya 17 yakawa yameachana kabisa.

Hapo Kiswahili kina neno tayari, kufyatuka, na tunalitumia kwa mtego, kwa bunduki na hata kwa maneno yaliyomponyoka mtu. Tena Kiswahili kinampa mwalimu kifaa ambacho Kiingereza hakina. Waingereza husema "go off" kitu kinapolipuka, na "set off" mtu anapokilipua. Wanabadilisha kitenzi kizima. Sisi tunabadilisha mkia tu: fyatuka na fyatua, lipuka na lipua, lia na liza. Mwanafunzi akionyeshwa hivyo, atajua moshi wa jikoni ni "set off", umeliza king'ora, na king'ora chenyewe ni "go off", kimelia. Nilimfundisha mjukuu wangu kwa njia hiyo jioni moja tukichambua mchele, na hakuhitaji kukariri.

Mkitaka sentensi ya kumpima mwanafunzi kama ameelewa, mpeni hii: "The alarm went off, so he turned it off." "Off" mbili ndani ya mstari mmoja, moja inaanzisha kelele, nyingine inaikata. Kengele ililia, akaizima. Kiswahili kinatumia "zima" mara moja, pale panapostahili. Anayefuata ukurasa wenu ataandika kwamba kengele ilizimika kwa hiyo akaizima, na mwalimu ataweka alama ya kuuliza yenye nundu.

Au hizi mbili, ambazo nazipenda kwa sababu ya samaki. "The fish has gone off" ni samaki ameoza. "I have gone off fish" ni samaki yuko salama kabisa, mimi ndiye niliyemkinai. Wa kwanza humpi mgeni. Wa pili unampa mgeni yeye peke yake wewe ukala mchicha. Waingereza huitumia hata kwa watu: mwanamke akisema "I have gone off him", huyo bwana aanze kutafuta pa kuhamia. Wamarekani nao maziwa yakiharibika hawapendi kusema yame-"go off", watasema yame-"go bad" au "spoil". Wao "go off on" mtu ni kumfokea. Na mjukuu ananiambia vijana mtandaoni wakisema mwimbaji "went off" wanamsifu kwamba ameimba kwa moto. Hiyo msiiweke kwenye somo, itapita.

Kuna wasomaji watakaosema Kiingereza ni lugha ya vituko. Wala si wao wa kwanza, na waliotangulia hawakuwa wageni watupu. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa kule London mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji kwamba vitenzi hivi vinavyobadilishwa maana kwa kijineno kinachofuata ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote, akatoa mifano kama "fall off", "set off" na "take off". Linalonifurahisha ni kwamba maana alizozitoa nyingine hazisikiki sana leo. Kwake "take off" ilikuwa kuiga. Leo mwanafunzi wetu akiiona anafikiria ndege inapaa, na mwaka 1755 ndege zilizopaa zilikuwa na manyoya.

Lakini kabla ya kuwacheka, tusikilize jikoni kwetu. Yule Mskochi alikuwa akijifunza Kiswahili, na siku moja alinijia amekunja uso. Asubuhi amesikia umeme umekatika. Mchana mama wa mgahawani amemwambia wali hauna ladha kwa sababu tui limekatika. Jioni dereva amesema twende sasa, mvua imekatika. Simu imekatika akiwa katikati ya maneno. Na usiku, harusini, amewaona wasichana kwenye ngoma, akauliza wanafanya nini, akaambiwa wanakatika. Alitaka kujua kama wanahitaji msaada. Watu hutaja "piga" kila mazungumzo haya yanapozuka, piga pasi, piga picha, piga mbizi, mpaka imekuwa kama wimbo wa shule. Mimi naona "katika" ni mwalimu bora, kwa sababu linaanguka karibu palepale pa "go off". Hata maziwa yetu tungeweza kusema yamekatika, hasa yakikatikia jikoni, na umeme umekatika, na pande zote mbili za daftari zingekubaliana. Isipokuwa kengele. Kengele imekataa katakata kukatika. Inalia.

Na ni kengele ndiyo inayonifanya niandike barua ndefu hivi, Mhariri, maana samaki na wasichana wa ngoma hawamuui mtu. Matangazo ya usalama yanayobandikwa kwenye magodauni, hosteli na viwanda mengi yanatafsiriwa kutoka Kiingereza, na wanaoyatafsiri ni vijana kama yule wa kwetu, wenye bidii na kikamusi kidogo. Karibuni nilikwenda kumtembelea ndugu anayefanya kazi godauni moja mjini Tanga, nikaliona tangazo ukutani, limeandikwa kwa herufi nyekundu nzuri: "Kengele ikizimika, toka nje haraka kwa utulivu." Nikamuuliza ndugu yangu atafanyaje kengele ikilia. Akasema atasubiri izimike.

Alikuwa anatania, lakini si sana.

Kelele inayopaswa kusikika na isisikike si jambo la hadithi. Aprili 20, 2010, mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico na watu 11 wakafa. Mwezi Julai mwaka huo fundi mkuu wa elektroniki wa mtambo alitoa ushahidi mbele ya wachunguzi kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimewekwa katika hali ya kutojiliza chenyewe, ili watu wasiamshwe usingizini na kelele za uongo. Habari ya namna hiyo kwa Kiingereza inasimama juu ya maneno manne, "did not go off". Mkiitafsiri kwa kanuni ya ukurasa wenu, mtatuambia king'ora hakikuzimika, na msomaji wa Korogwe atabaki akijiuliza kwa nini wale watu hawakukimbia huku kinalia. Mtakuwa mmewageuza wafu kuwa wazembe, kama Babu alivyotaka kugeuzwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na lina sehemu chache. Rekebisheni somo lile kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, si kwenye kona ya chini ya tangazo la nyumba ya kupanga, kwa sababu mjukuu wangu hakati kona. Mwandishi wa habari za nje aambiwe kwamba king'ora, kengele, saa ya mezani na simu iliyowekewa saa ya kuamka vyote vinalia. Na kwa kuwa gazeti lenu linafika kwenye ofisi nyingi, chapeni sentensi moja ambayo mwenye godauni yeyote anaweza kuinakili bila kulipa mfasiri: "Ukisikia kengele ya moto inalia, acha kila kitu, toka nje." Haina uzuri wowote wa lugha. Babu angeielewa hata kama ingesomwa kutoka nje ya mlango.

Nyongeza moja na ninakwisha. Chini ya somo mmetangaza kwamba wiki ijayo mtafundisha "put out". Nawasihi, kabla hamjaipeleka kiwandani, mkumbuke kwamba zimamoto wana-"put out" moto, na hapo kuzima ni sahihi. Lakini mtu anayetoa pipa la taka barazani naye ana-"put out", aliyeteguka bega ame-"put out" bega lake, aliyekwazwa na maneno yuko "put out", na msemaji wa serikali aki-"put out" taarifa, ameitoa. Msije mkaandika kwamba msemaji wa serikali amezima taarifa, ingawa zipo siku ambazo mtakuwa mmepatia.

Wako,
Karani mstaafu wa maziwa,
Muheza, Tanga.